Barua Inayokuja Bila Kuitwa

Meli ilikuwa inapita. Kichwa chake kilikuwa kimeshapita jengo la forodha, lakini mkia wake bado ulikuwa unapita nyuma ya nyumba ya dobi. Mkondo wa bahari mahali pale ni mwembamba. Meli kubwa ikipita, utadhani mtaa mzima umeng'oka na kuamua kuhama.

Mama Kitufe alikuwa juu ya paa, anaanika mashuka. Vibanio vilikuwa vimemjaa mdomoni. Kivuli cha meli kilipita juu ya kamba, na mashuka yote yakageuka rangi ya kijivu. Akainua macho. Kule nyuma ya meli, kwenye ukingo, alisimama mwanamume mmoja. Alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Alivaa ovaroli ya rangi ya machungwa, naye alikuwa anapunga mikono yote miwili.

Mama Kitufe akatoa vibanio mdomoni.

"Mama, hebu njoo uone! Kuna mtu anapunga mikono kama anafukuza ndege shambani. Anampungia nani?"

Mama mkwe wake alikuwa ameinama kwenye beseni. Mtaani walimwita Bibi Povu, kwa kuwa mikono yake haikuonekana bila povu.

"Anakupungia wewe, au ananipungia mimi na uzee wangu huu?" alisema bila kuinuka. "Mabaharia ndivyo walivyo. Wakiona kamba ya nguo tu, roho inawadunda."

Wakacheka. Mama Kitufe akainua mkono mmoja kwa mzaha, akampungia yule mtu kidogo. Kisha akageuka, akaendelea kuanika. Chini, ndani ya kapu la nguo, mtoto wake alikuwa amelala.

Meli ikaenda zake.

Mume wa Mama Kitufe alikuwa baharia. Aliondoka kabla tumbo la mkewe halijaonekana. Mtoto akazaliwa, akakaa, akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika miguu ya meza. Walimpa jina la utani Kitufe, maana alikuwa mviringo, na kila alipopotea alikutwa chini ya meza ya pasi. Baba yake hakuwahi kumwona, hata kwa picha. Simu yake ilitumbukia baharini siku alipokuwa anapaka rangi ubavu wa meli. Tangu hapo aliandika barua pepe kwa kompyuta ya meli. Kompyuta ile ilipitisha maneno tu. Haikupitisha picha wala sauti.

Nyumbani walikuwa na simu janja moja. Walikuwa pia na soketi moja tu ya umeme iliyo nzima. Soketi ile ilikuwa ya pasi.

Mwenye pasi alikuwa baba mkwe, Babu Pasi. Yeye alinyoosha nguo tangu asubuhi mpaka jioni, na waya wa pasi haukutoka ukutani. Simu ilipata umeme pasi ilipopoa tu. Kwa hiyo siku waliponunua simu, Babu Pasi alimwambia muuzaji, "Kijana, zima kila kitu kinachokula chaji. Tunataka simu, hatutaki mgeni wa kulisha." Muuzaji akazima. Nyumbani, simu ikawekwa ndani ya kopo la biskuti, mbali na mvuke.

Barua pepe walizisoma siku ya kukunja. Nyumba ya dobi ina utaratibu wake. Kuna siku ya kupokea, siku za kufua, siku za pasi, halafu siku ya kukunja. Siku ya kukunja mikono ni mikavu. Hapo ndipo Mama Kitufe alifungua kopo, akafungua simu, akafungua barua. Kila mteja na siku yake, na barua nayo na siku yake. Waliona ni jambo la kawaida kabisa.

Siku ya kukunja ilifika. Mama Kitufe akakaa juu ya mkeka, akafungua barua. Zilikuwa mbili kutoka kwa mumewe. Akasoma ya kwanza kwa sauti, kama kawaida yao.

"Mke wangu, nimehamishiwa meli nyingine. Leo inapita mlangoni kwetu! Haitasimama, itapita tu. Panda juu ya paa na mtoto. Mnyanyue nimwone. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, nimevaa ovaroli ya machungwa. Nitapunga mikono miwili."

Sauti yake ikakatika. Pasi ya Babu Pasi ikasimama juu ya kola ya shati.

"Soma ya pili," alisema Bibi Povu polepole.

Mama Kitufe akasoma ya pili.

"Nimekuona. Uliinua mkono mmoja kidogo, kisha ukanipa mgongo. Mtoto sikumwona. Mke wangu, usinifiche. Mtoto wangu ni mzima?"

Mama Kitufe akaiweka simu chini, akajifunika uso kwa foronya. Bibi Povu akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeungua.

"Ole wangu! Na mimi nikasema roho inawadunda! Mwanangu mwenyewe!"

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Aliingia Dada Funguo. Huyu alikuwa mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni ya jirani, na mashuka yale yote yalikuwa ya vyumba vyake. Funguo zilimning'inia kiunoni, zikalia kila alipopiga hatua.

"Hodi wenyewe. Nimefuata mashuka... Jamani! Kuna msiba?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," alisema Babu Pasi. "Lakini kuna mtu yuko baharini anadhani mtoto wake amekufa."

Wakamweleza. Dada Funguo akakaa chini, mashuka akayasahau.

"Kwanza mjibu," alimwambia Mama Kitufe. "Sasa hivi. Mwambie mtoto ni mzima."

Mama Kitufe akaandika huku anafuta machozi. Alimweleza mumewe kwamba mtoto ni mzima, ana meno mawili, na siku ile alikuwa amelala ndani ya kapu. Akamwambia pia kwamba barua waliiona leo tu. Akatuma. Dada Funguo akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu niione. Barua ya asubuhi ile, mbona mnaisoma leo?"

"Barua husomwa siku ya kukunja," alisema Bibi Povu.

"Nani kasema, mama?"

"Sisi."

Dada Funguo akatabasamu kidogo. Akagusa kioo, akawaonyesha.

"Tazameni. Hapa ni Mipangilio. Ndani yake kuna sehemu ya barua. Hapa ndipo unapoiambia simu itafuteje barua mpya. Ninyi mmechaguliwa njia ya mkono. Maana yake simu haiendi kuangalia kitu mpaka wewe mwenyewe uifungue."

"Kwa mkono ndiyo vizuri," alisema Bibi Povu. "Nguo ya mkono haichakai."

"Nguo sawa, mama. Barua hapana." Akavuta kapu, akaligeuza, akaliweka mbele yake kama kaunta. "Sikilizeni. Barua ya simu hairuki moja kwa moja ikaingia ndani ya simu yako. Kwanza inafika kwenye mashine kubwa, iko mbali huko, kazi yake kutunza barua za watu. Sasa fikirieni pale kwangu mapokezi. Mgeni yuko chumbani. Mzigo wake umeletwa, uko kaunta kwangu. Yeye atajuaje?"

"Atashuka aulize," alisema Babu Pasi.

"Hiyo ndiyo njia ya mkono. Akishuka anaupata. Asiposhuka, unakaa hapo hata wiki. Haumsumbui mtu, hauli chaji, lakini na yeye hajui."

"Kama sisi," alisema Mama Kitufe kwa sauti ndogo.

"Kama ninyi. Njia nyingine, mgeni anamtuma mtu. Kila baada ya muda fulani yule mtu anashuka ngazi, 'Kuna mzigo wetu?' Hakuna. Anapanda. Baadaye anashuka tena. Unachagua mwenyewe ashuke kila robo saa, kila nusu saa, au kila saa. Akishuka mara nyingi, unapata mzigo mapema, lakini anachoka. Kuchoka kwake ndiyo chaji inayokwenda. Na mzigo ukifika yeye akiwa ndiyo kwanza amepanda ngazi, unasubiri mpaka ashuke tena."

"Na meli haisubiri," alisema Babu Pasi.

"Haisubiri, mzee. Sasa kuna njia ya kusukumiwa. Hapo hakuna mtu wa kushuka. Mimi wa mapokezi ndiye ninayepiga kengele chumbani kwako. Mzigo unatua kaunta, kengele inalia. Pale pale."

"Pale pale?" Bibi Povu aliuliza.

"Pale pale, mama."

"Hiyo si ndiyo italamba chaji yote?" alisema Babu Pasi. Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye soketi yake.

"Inakula kiasi, kwa sababu waya wa kengele lazima ukae wazi muda wote. Lakini kama barua zako ni chache, inaweza kula kidogo kuliko yule mtu wa kupanda na kushuka kila robo saa. Inayolemea simu ni wingi wa barua. Hebu tuone, humu mna anwani ngapi?"

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kazi ya udobi. Huko waliandika wateja, na pia watu wa matangazo ya sabuni ambao hakuna aliyewaita. Nyingine ilikuwa ya Mama Kitufe mwenyewe, na mumewe aliandika huko.

"Vizuri sana," alisema Dada Funguo. "Kila anwani inapangwa peke yake. Hii ya mumeo, tunaiweka ya kusukumiwa. Hii ya udobi... ona, huyu mtunza barua wake hana kengele. Wako wengine hivyo. Ukikosa njia ya kusukumiwa, unachagua ya kutuma mtu. Mteja wa mashuka anaweza kusubiri saa moja?"

"Mteja wa mashuka anasubiri mpaka jua litoke," alisema Bibi Povu.

"Basi kila saa inatosha. Na jambo jingine. Kengele na sauti ya kengele ni vitu viwili. Barua inaweza kufika kimya kimya. Hapa kwenye arifa tunawasha sauti kwa anwani ya mumeo. Sauti kubwa, maana nyumba hii ina kelele za maji. Na bando lisiishe. Bila mtandao, kengele haina waya."

Akairudisha simu, akamwambia Mama Kitufe afanye mwenyewe tangu mwanzo. Mama Kitufe akafungua Mipangilio. Akaingia kwenye barua, akachagua anwani yake, akagusa neno la kusukuma. Alama ndogo ikatokea mbele yake.

"Basi? Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu. Sasa tujaribu."

Wakaiweka simu juu ya kifuniko cha kopo, katikati ya mkeka. Wote wakakaa kuizunguka. Dada Funguo akatoa simu yake mwenyewe, akasogea mpaka mlangoni, akaandika maneno, akagusa.

Tone la maji likaanguka kwenye beseni.

Halafu kopo likalia. Simu ilipiga kelele juu ya bati, na bati likatetemeka mpaka Kitufe akatoka chini ya meza kuja kuona.

Bibi Povu akatazama mlango. Akatazama dirisha.

"Imepita wapi?"

"Hewani, mama."

"Hewa hii hii ninayovuta?"

"Hii hii."

Bibi Povu akanyanyuka. Akaenda kusimama kati ya mlango na mkeka. Akanyoosha mkono wazi hewani, kama mtu anayepima joto la pasi bila kuigusa.

"Tuma tena."

Dada Funguo akatuma. Simu ikalia. Bibi Povu akautazama mkono wake mbele na nyuma.

"Haijanigusa," alisema kwa sauti ya chini. "Imenipita mwilini, na haijanigusa."

Hakuna aliyemcheka. Hata Dada Funguo, aliyetuma barua kila siku, akautazama mkono ule kama anauona kwa mara ya kwanza.

Babu Pasi, aliyekuwa amerudi kwenye meza ya pasi, akauliza, "Sawa, wewe uko mlangoni. Mwanangu yuko katikati ya maji. Huko hakuna mnara wala nguzo. Barua yake inapita wapi?"

"Inapanda juu kwanza, mzee. Kuna chombo huko juu kabisa, kinaizunguka dunia. Wanakiita setilaiti. Meli inarusha maneno, na yakifika kule setilaiti inayashusha nchi kavu, yanakwenda kwenye ile mashine ya barua, na mashine inapiga kengele hapa. Yote hayo hata chai haijapoa."

Babu Pasi akainua uso akatazama dari, kana kwamba ataona tundu. Mwanawe, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukunja soksi, alikuwa anarusha maneno juu kuliko mawingu ili yaje yatue kwenye kopo la biskuti. Mzee akabaki hivyo, mdomo wazi, pasi ameilaza juu ya foronya.

Harufu ya kuungua ikapanda.

"Foronya yangu!" alipiga kelele Dada Funguo.

Babu Pasi akainua pasi. Kwenye foronya palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi, kamili kabisa.

"Hiyo sasa ni yenu," alisema Dada Funguo. Kicheko kikawatoka wote, hata Mama Kitufe mwenye macho mekundu.

Jibu la Baharia likaja jioni ile ile, na simu ikalia. Alimshukuru Mungu kwa meno mawili. Kisha akaandika hivi: "Tunarudi kupita hapo mara moja tu. Baada ya hapo meli inakwenda bahari za mbali mpaka mkataba wangu uishe. Siku siijui. Hata nahodha haijui mpaka rubani wa mkondo, yule anayeongoza meli humo, apande melini. Nikijua tu, nitaandika. Msinikose tena."

Mama Kitufe alilisoma neno la mwisho mara nyingi.

Kazi ikaendelea, na simu haikurudi ndani ya kopo. Ilikaa kwenye rafu, mbali na mvuke lakini karibu na masikio. Asubuhi moja Dada Funguo akaja na mzigo mpya wa mashuka, uso umekunjamana.

"Niliwaandikia tangu alfajiri kuwajaribu. Mbona hamkujibu?"

"Haikulia," alisema Mama Kitufe. Akaichukua simu, akaifungua. Barua ndiyo kwanza ikaingia, mbele ya macho yake.

Dada Funguo akaonyesha pembe ya juu ya kioo.

"Chaji imeshuka sana. Simu ikidhoofika inajibana yenyewe ili isizimike. Inafunga kengele kwanza. Ni kama mtu mwenye njaa, hazungumzi. Ukitaka kengele ilie, simu isiachwe ikaishiwa, na hii sehemu ya kubana chaji iwe imezimwa."

Wote wakageuka kutazama soketi. Waya wa pasi ulikuwa pale, kama mwenye nyumba.

Mama Kitufe akainamisha macho, maana mkwe hamwambii baba mkwe wake aache kazi. Babu Pasi akamalizia mkono wa shati alilokuwa nalo. Akalitundika. Kisha akaenda ukutani, akachomoa pasi, akaukunja waya taratibu. Akavuta kigoda, akapanda, akateremsha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, yenye kutu mgongoni.

"Wewe si ulisema mkaa unakuua kifua?" aliuliza mkewe.

"Nitanyooshea nje, moshi uende na upepo. Kifua changu kimekula moshi tangu sijakuoa, hakitashangaa." Akampa Mama Kitufe nafasi mbele ya soketi. "Chomeka simu, mwanangu. Mgeni wetu ale ashibe."

Tangu siku ile Babu Pasi alinyoosha nguo nje ya mlango, anapuliza makaa, anakohoa, anatania wapita njia. Simu ilishiba ukutani. Barua za Baharia zikaja moja moja, na kila ilipolia, Bibi Povu alinyoosha mkono hewani. Alisema ipo siku ataihisi.

Halafu ikafika siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kufua. Mama Kitufe alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Simu ikalia. Akakimbia, akagusa kioo kwa kidole kilicholowa. Simu ikakataa. Akagusa tena. Ikaruka ikafungua saa ya kuamshia.

"Kausha kidole!" alipiga kelele Bibi Povu. "Kausha kwanza, mtoto wa watu!"

Mama Kitufe akajifuta kwenye gauni, akafungua, akasoma.

"Rubani amepanda. Tunaingia mkondoni. Mtoeni mtoto."

Ilikuwa barua ya maneno machache kuliko zote, na nyumba nzima ikasimama. Babu Pasi aliacha pasi juu ya jiwe. Walipanda ngazi ya paa kwa pamoja, Kitufe akiwa mgongoni kwa bibi yake. Juu ya paa walikuta mashuka yamejaa kamba zote, meupe, yanapepea kila upande.

"Yaondoe!" alisema Babu Pasi. "Kwa mashuka haya hataona mtu, ataona wingu."

Wakayang'oa mabichi, wakayatupa kwenye kapu, mengine chini. Paa likawa wazi. Kitufe alikuwa amevaa kanzu ndogo nyeupe. Bibi Povu akamtazama, akatikisa kichwa.

"Haonekani huyu. Mweupe juu ya ukuta mweupe."

Akashuka mbio, akarudi na kitambaa chekundu cha meza. Kilikuwa cha mteja. Katika maisha yake yote ya udobi Bibi Povu hakuruhusu nguo ya mteja iguse mwili wa mtu wa nyumbani, hata leso. Leo yeye mwenyewe alikifungua kutoka kwenye mikunjo ya pasi, akamfunga mjukuu wake kifuani na mgongoni, akakaza fundo.

"Mwenyewe akija kulalamika, nitamfulia bure."

Hapo meli ikatokea.

Haikuja kama kitu kinachotembea. Ilikuja kama ukuta unaojengwa mbele ya macho. Kwanza pua, juu kuliko jengo la forodha. Kisha ubavu, mweusi, mrefu, usiokwisha, wenye michirizi ya kutu na chumvi. Makontena yalipangwa juu yake kama nyumba za ghorofa bila madirisha. Haikuwa na kelele. Walisikia mngurumo tu ndani ya vifua vyao, na maji kwenye beseni la paa yakaanza kutetemeka. Kila mmoja wao alikuwa ameona meli maisha yake yote. Siku ile waliiona kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mtu wao.

Nyuma kabisa ya meli, ile rangi ya machungwa ikatokea.

"Yule pale!" alisema Mama Kitufe. Akamchukua Kitufe, akamnyanyua juu kwa mikono yote miwili. Kitambaa chekundu kikajaa upepo.

"Baba Kitufe! Huyu hapa! Huyu hapa!"

Yule mtu alikuwa ameshaanza kupunga mikono. Alipoona chekundu, mikono ikasimama hewani. Akavua kofia yake ngumu. Akaweka mikono kichwani, akabaki vile vile, hapungi, hasemi, anatazama. Wenzake wakaja wakasimama kando yake. Mmoja akamshika bega.

Kitufe alikuwa mtoto wa kulilia kila uso mgeni. Siku ile hakulia. Alinyoosha kidole, akaielekeza ile rangi ya machungwa, akatoa sauti ya mshangao. Meli ikajibu kwa honi. Honi ile ilitikisa mabati ya mtaa mzima, na njiwa wote wakaruka. Kitufe akashtuka, akavuta pumzi, halafu akacheka.

"Amemwona," alisema Bibi Povu. "Mungu wangu, amemwona."

Babu Pasi alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama askari. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

Mikono ya Mama Kitufe ilikufa ganzi, lakini hakumshusha mtoto. Alimshikilia juu mpaka ile rangi ya machungwa ikawa nukta, na nukta ikapotea kwenye kona ya mkondo.

Kabla hawajaanza kuokota mashuka, simu ikalia. Mama Kitufe akaitoa kifuani.

"Nimemwona," Baharia aliandika. "Ana masikio ya baba yangu."

Babu Pasi akajishika masikio.

Mashuka yalifuliwa upya siku ile. Baharia alimaliza mkataba wake katika bahari za mbali, akarudi salama. Sasa anafanya kazi kwenye boti la kuvuta meli, na hulala nyumbani. Mama Kitufe amechukua mashuka ya nyumba mbili zaidi za wageni, na barua za wateja hao huja kwa kusukumiwa. Bibi Povu anaumwa mgongo. Ameacha kufua, anakunja tu. Mteja wa kitambaa chekundu aliambiwa ukweli, naye hakudai kitu. Babu Pasi aliletewa fundi umeme na mwanawe, akapata soketi ya pili, akarudi kwenye pasi ya umeme. Kikohozi kilimpungua, hakikuisha. Dada Funguo alihamia hoteli ya mji mwingine, na huandika mara chache. Kitufe yuko darasa la kwanza. Siku ile haikumbuki.